Gawaneni Kabla Fedha Hazijaingia: Mbinu kwa Kijiji Chenye Msitu

Vijiji vingi vinavyotunza msitu huanza kugombana mwaka uleule msitu unapoanza kuleta fedha. Kabla ya hapo watu walikaa vikao pamoja, walifyeka mipaka pamoja, walikesha kuwavizia wavuna magogo wa usiku, na hakuna aliyemuuliza mwenzake atapata nini. Malipo ya kwanza yakiingia benki, kila mtu anakuwa na hesabu yake. Serikali ya kijiji inataka ofisi. Wana doria wanataka viatu na posho. Akina mama wanataka kisima. Kijana aliyekatazwa kuchoma mkaa anauliza: mimi nilinyimwa riziki ili nani ale? Wote wana hoja, na hakuna karatasi ya kuwaamua.

Ushauri wa makala haya ni mmoja: kubalianeni namna ya kugawana wakati mfuko bado ni mtupu. Wakati huo hakuna mwenye fedha za kutetea wala deni la kuficha. Watu hutazama haki kwa utulivu, kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika mwaka kesho atakuwa upande upi. Mazungumzo yaleyale, yakifanyika fedha zikiwa zimeshaingia, hugeuka ugomvi wa nani amemzunguka nani.

Mbinu zilizomo humu zimeandikwa kwa ajili ya kijiji cha Tanzania chenye msitu wake wa hifadhi. Hata hivyo nyingi zinafaa pia kwa walio karibu na mikoko, mbuga, au bahari yenye samaki.

Mgawo wenyewe ni uhifadhi

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mtu hawezi kuombwa alinde mti miaka nenda rudi wakati faida ya mti huo inapanda lori na kwenda zake.

Kusini mwa Tanzania tuliliona hilo wazi. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, njia ya kwenda Dar es Salaam ikawa rahisi, na magogo ya mninga, mkongo na mpingo yakaanza kumiminika kutoka Rufiji, Kilwa na Lindi. Ripoti ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, iliyotoka mwaka 2007 ilionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya ushuru uliostahili kukusanywa ulipotea. Vijiji vilivyozungukwa na miti hiyo vilibaki na visiki na njia za malori. Mwanakijiji aliyemwonyesha mfanyabiashara mti ulipo aliambulia kidogo sana, na alikubali, kwa sababu hakuona njia nyingine ya kufaidi mti uliosimama.

Njia nyingine ilikuwepo kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliruhusu kijiji kutenga msitu ndani ya ardhi yake, kuusimamia kwa mpango, kuuza mazao yake na kubaki na mapato. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyosaidiwa na shirika la MCDI vilifuata njia hiyo. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha FSC, ambacho humhakikishia mnunuzi kwamba mti umevunwa kwa utaratibu. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji kupata cheti hicho. Kikole na Kisangi vilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Mpingo, ambao mafundi wa Ulaya huutengenezea klarineti na Wamakonde huuchongea vinyago, ukaanza kuuzwa na wenye ardhi ambamo umeota.

Ukweli ni kwamba sheria iliwapa haki ya kuuza, lakini namna ya kugawana waliachiwa wenyewe. Na hapo ndipo kazi ilipo.

1. Hakikisheni kwanza kwamba mali ni yenu

Hamuwezi kugawana kitu ambacho kesho mtu mwingine atakuja kukidai. Kabla ya neno lolote juu ya fedha, kusanyeni nyaraka hizi na muweke nakala sehemu mbili tofauti:

- Cheti cha ardhi ya kijiji, pamoja na makubaliano ya mipaka yaliyotiwa saini na vijiji vyote jirani.
- Mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha msitu uko wapi, malisho wapi, mashamba wapi.
- Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliokubali kutenga msitu, ukiwa na orodha ya mahudhurio.
- Mpango wa usimamizi wa msitu wenye matokeo ya upimaji: kuna miti gani, ya unene gani, na ingapi inaweza kuvunwa kwa mwaka bila msitu kupungua.
- Sheria ndogo za msitu zilizopitishwa na kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Muulizeni Afisa Misitu wa Wilaya kanuni zinazotumika sasa zinasema nini kuhusu uvunaji na usafirishaji, kwa sababu kanuni hubadilika na kijiji kisichojua hukamatiwa mzigo njiani.

Tazameni pia ng'ambo ya mpaka. Kama kijiji jirani kinachota maji ndani ya msitu wenu au kimekuwa kikirina asali humo tangu zama za mababu, kiingizeni kwenye mazungumzo mapema. Jirani aliyesahauliwa ndiye atakayefungua njia ya panya kwa wavunaji haramu.

Na kama msitu ni wa serikali, msijidanganye kwamba ni wenu kwa kuwa mnaulinda. Daini haki yenu kwa mkataba. Kwenye ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, mikoko ni mali ya umma. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia chama chao cha msitu, waliingia makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya ndipo mradi wao wa Mikoko Pamoja ukaanza mwaka 2013. Eneo lake ni hekta 117 tu, na unauza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Fedha zimepeleka maji na kusaidia shule. Bila karatasi ile ya kwanza, wangekuwa walinzi wa bure. Tanzania nako vipo vijiji vilivyolinda msitu wa serikali kwa miaka mingi chini ya usimamizi wa pamoja huku kifungu cha mgawo kikiachwa wazi. Msikubali kuanza doria kabla kifungu hicho hakijajazwa.

2. Wajueni wanaobeba mzigo

Kosa la kawaida ni kuanza na swali la nani apate. Anzeni na swali la nani anapoteza. Kila msitu unapofungwa, kuna watu wanaolipa gharama kabla senti haijaingia: mama anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni, mchoma mkaa aliyepoteza kazi, mfugaji aliyenyimwa malisho ya kiangazi, mganga wa mitishamba, na zaidi ya wote mkulima wa pembezoni ambaye ndovu, nguruwe na nyani humalizia mahindi yake.

Fanyeni hivi. Kabla ya mkutano mkuu, kutaneni kwanza kwenye vitongoji, kila kundi peke yake. Wanawake wakae na mwanamke anayewaongoza, wala mume asiwepo. Wafugaji wafuatwe kambini kwao. Kila kundi liulizwe maswali matatu: mlikuwa mnapata nini msituni? Mmekosa nini tangu ufungwe? Kitu gani kikirudi au kikilipwa, mtaona mmetendewa haki? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, kisha yasomwe kwa sauti mbele ya kundi lilelile ili wathibitishe.

Kuna msemo kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Katika jambo hili msemo huo usipewe nafasi. Mkulima anayelinda shamba usiku na mama mwenye mtoto mchanga hawafiki mkutanoni, nao ndio wanaoumia kuliko wengine. Pangeni mkutano baada ya mavuno, saa ambayo kazi za nyumbani zimepungua, na mahali ambapo kitongoji cha mbali kinafika kwa miguu. Kama kuna kitongoji hakikuleta mtu hata mmoja, ahirisheni uamuzi wa mgawo.

Mtashangaa mara nyingine kwamba wanachotaka watu si fedha. Wanataka siku mbili kwa wiki za kuokota kuni zilizoanguka, njia ya mifugo kufika mtoni, au ruhusa ya kutundika mizinga. Haya hayagharimu kitu na hupunguza kinyongo kuliko posho. Yaingizeni kwenye sheria ndogo kama haki zenye masharti yake, yasiachwe kwa hisani ya mwana doria.

3. Pigeni hesabu ya kinachobaki, si kinachoingia

Mtu akisikia kijiji kimeuza magogo ya shilingi milioni 20, anagawanya milioni 20 kichwani. Lakini msitu una gharama zake: doria, kufyeka mipaka, barabara za moto, kupima miti, posho za kamati, usafiri wa kwenda wilayani. Kijiji kinachokula pato lote mwaka wa kwanza kitakuwa hakina fedha za doria mwaka wa pili, na wezi wa magogo huwa wepesi kujua.

Mfano huu ni wa kufundishia tu, si sheria. Pato: shilingi 20,000,000.

- Msitu wenyewe (doria, mipaka, moto, kamati ya maliasili): asilimia 25, yaani 5,000,000.
- Miradi ya kijiji kizima: asilimia 45, yaani 9,000,000.
- Wanaobeba mzigo na wasiojiweza: asilimia 15, yaani 3,000,000.
- Akiba ya mwaka mbaya: asilimia 10, yaani 2,000,000.
- Uendeshaji wa ofisi ya kijiji: asilimia 5, yaani 1,000,000.

Badilisheni namba kadiri ya hali yenu, lakini mafungu yote matano yawepo. La akiba ndilo watu hulitoa kwanza, na ndilo litakalowaokoa mnunuzi asipokuja, mvua ikikata barabara, au serikali ikisimamisha uvunaji kwa muda.

Fungu la tatu nalo lisiachwe. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, lakini viwango vyake ni vya kutuliza, na taratibu zake huchukua muda. Magunia mawili ya mahindi kutoka mfuko wa kijiji, yakifika wiki ileile ndovu walipopita, yana uzito kuliko malipo ya mwakani. Mkulima huyo ndiye atakayeamua kesho kama atatoa taarifa za jangili au atanyamaza.

4. Ulizeni: asilimia ya nini?

Hapa ndipo watu wengi hupunjwa bila kujua. Asilimia haina maana mpaka ujue inakatwa kutoka fungu gani.

Uganda ina sheria nzuri: asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa hurudi kwa jamii zinazopakana nazo. Lakini kule Bwindi, fedha kubwa zinatokana na kibali cha kuwaona gorila wa milimani, kinachouzwa kwa mamia ya dola, na kibali si kiingilio. Ndiyo maana ilibidi liwekwe fungu la pekee, dola 10 kwa kila kibali. Rwanda ilipanga tofauti: ilianza mwaka 2005 kutoa asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi, na mwaka 2017 ikapandisha hadi 10. Asilimia ya Rwanda inaonekana ndogo, lakini inakatwa kutoka sufuria kubwa zaidi.

Kwa Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori hapa Tanzania, kanuni zimepanga ndani ya jumuiya kwamba angalau asilimia 50 iende kwenye vijiji wanachama, asilimia 15 iendeleze rasilimali, na asilimia 25 iimarishe jumuiya yenyewe. Ni mpango mzuri wa kujifunzia. Lakini mjumbe makini atauliza: hiyo ni asilimia 50 ya fedha ambazo mwekezaji amelipa, au ya zile zilizobaki baada ya wengine kukata chao? Na zinafika kijijini mwezi gani?

Kwa hiyo katika kila mkataba na kila azimio, sentensi ya mgawo iwe na mambo manne: kiasi gani, cha pato lipi, kabla au baada ya makato gani, na kwa tarehe ipi. Likikosekana moja, msitie saini.

Kama mnakubali kuchangia sehemu kwa halmashauri ya wilaya au kwa shirika linalowasaidia, andikeni pia wanachowapa ninyi kwa malipo hayo: siku ngapi za mtaalamu, gari, mafunzo. Mchango usio na huduma inayotajwa hugeuka kodi.

5. Mkononi au kwenye mradi?

Viongozi hupenda miradi. Jengo linaonekana, na mgeni akija anaonyeshwa. Wananchi wengi, hasa maskini, wangependa sehemu iwafikie mkononi. Mabishano haya yana dawa, nayo ilionekana Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Chini ya mpango wa CAMPFIRE wa jamii kunufaika na wanyamapori, ulioanza mwaka 1989, kijiji cha Chikwarakwara wilayani Beitbridge kilipata fedha za uwindaji. Badala ya viongozi kuamua kimya kimya, fedha zililetwa kijijini taslimu. Kila kaya ilikabidhiwa mgawo wake wote mkononi, mbele ya watu. Kisha mwenye kaya akapita akitoa kutoka fedha zilezile mchango aliokuwa amekubaliana na wenzake: kiasi cha mashine ya kusaga, kiasi cha shule, na kinachobaki ni chake.

Tazameni nguvu ya utaratibu huo. Mashine haikuwa zawadi ya serikali wala ya mfadhili. Kila mtu alijua ameinunua kwa fedha zake, na alijua fedha hizo zimetoka kwa wanyama walio porini. Kijiji kinaweza kufanya hivyo leo kwa simu: mgawo wa kaya utumwe kwa M-Pesa au huduma nyingine, na mchango wa mradi urudishwe hadharani. Kwa kaya zisizo na simu, walipwe mbele ya mashahidi na risiti. Hata kama kila kaya itaambulia shilingi elfu kumi, fanyeni angalau mara ya kwanza. Watu watajifunza chanzo cha fedha kuliko kwa semina yoyote.

Mnapochagua mradi, epukeni kura ya kunyoosha mikono, kwa sababu maskini hunyoosha mkono akimtazama tajiri wake. Chukueni masanduku au bakuli, kila moja libandikwe picha ya mradi: kisima, darasa, nyumba ya mkunga, mashine. Kila mtu apewe punje 20 za mahindi azigawe apendavyo, akiwa nyuma ya pazia. Wanawake watumie punje nyeupe na wanaume punje za njano, ili muone kama mawazo yanapishana. Yakipishana sana, mradi wa mwaka huu uwe wa wanawake na wa mwakani wa wanaume, au mgawe fungu.

Kabla ya kupitisha mradi, jibuni swali moja zaidi: nani ataulipia ukiharibika? Pampu isiyo na fungu la spea ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

6. Daftari lisomwe hadharani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mgawo utakaodumu kijijini kama hesabu zinajulikana na watu watatu.

Akaunti ya msitu iwe ya peke yake, isichanganywe na michango mingine ya kijiji. Watia saini wawe watatu: mmoja wa serikali ya kijiji, mmoja wa Kamati ya Maliasili, na mmoja mwananchi aliyechaguliwa na mkutano mkuu asiye na cheo chochote; nami nashauri awe mwanamke. Kila fedha inayoingia ipewe risiti, na inayotoka iwe na hati ya malipo yenye jina, kazi na saini ya mpokeaji.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3. Ajenda ya pili, baada ya kusoma muhtasari uliopita, iwe hesabu ya msitu. Isomwe kwa lugha ya kawaida: tuliuza magogo mangapi, ya mita za ujazo ngapi, kwa nani, kwa bei gani, tukatumia nini, kimebaki nini. Kisha ibandikwe kwenye ubao wa kijiji kwa maandishi makubwa, na nakala ipelekwe kila kitongoji.

Chagueni wakaguzi wawili au watatu wa ndani, wasio ndugu wa viongozi, wakague daftari kabla ya mkutano. Wasiojua kusoma wapewe haki yao kwa njia nyingine: matumizi makubwa yachorwe kwa nguzo za urefu tofauti ardhini au kwenye karatasi, waone lipi limekula zaidi. Mwanasayansi wa siasa Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa utafiti wake juu ya mali za pamoja, alionyesha kwamba jamii zinazofanikiwa kutunza misitu na malisho zina walinzi wanaowajibika kwa watumiaji wenyewe. Kijijini kwetu, uwajibikaji huo unaanza na daftari linalofunguliwa.

7. Mkataba: pimeni ninyi, lipweni mapema

Mgawo mzuri wa pato dogo lililoibwa hauna faida. Kabla ya kuvuna, wapeni vijana wenu wawili mafunzo ya kupima ujazo wa gogo, na kijiji kiwe na futi yake na daftari lake la vipimo. Mnunuzi apime, nanyi mpime. Zikitofautiana, mti usiondoke. Gogo lipigwe nyundo ya alama na hati ya kusafirishia iandikwe kabla lori halijawashwa. Malipo yaingie benki kwanza, gogo litoke baadaye. Mnunuzi anayeomba kuchukua leo na kulipa akishauza, mwambieni aende akauze chake.

Mikataba ya hewa ya ukaa inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hudumu miaka mingi na mali yenyewe haionekani. Imewasaidia wengi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wamepata fedha kwa kutunza misitu yao, na vijiji vinane vinavyozunguka milima ya Ntakata mkoani Katavi vimejenga huduma za afya na elimu. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina kanuni zake za biashara hiyo. Anayewajia na mkataba, muulizeni haya na mdai majibu kwa Kiswahili na kwa maandishi: mkataba ni wa miaka mingapi? Kijiji kinapata asilimia ngapi ya bei ambayo mnunuzi wa mwisho amelipa, na tutaijuaje bei hiyo? Msitu ukiungua bila kosa letu, nani anabeba hasara? Tunakatazwa nini tulichokuwa tukifanya? Tukitaka kutoka, tunatokaje? Kisha mchukue wiki kadhaa, mtafute mwanasheria asiyelipwa na mwenye mradi, na uamuzi ufanywe na mkutano mkuu, kamwe usifanywe na mwenyekiti na mtendaji wakiwa hotelini mjini.

8. Njia ya malalamiko iwepo kabla ya lalamiko

Hata mpango mzuri utakosea. Andikeni ndani ya makubaliano mtu aende wapi akidhulumiwa: kwanza kwa Kamati ya Maliasili ndani ya siku kumi na nne, kisha kwa halmashauri ya kijiji, kisha kwa mkutano mkuu, na mwisho wilayani. Mlalamikaji apewe jibu la maandishi. Mwenye cheo anayelalamikiwa asikae kwenye kikao kinachomsikiliza. Na kila baada ya miaka mitatu, mgawo wote ufunguliwe upya, kwa sababu watoto waliokuwa shule ya msingi wamekuwa vijana wanaotafuta ardhi, na hali ya msitu nayo imebadilika.

Namibia iliweka jambo hili kwenye sheria yake ya mwaka 1996: jamii inayotaka kusimamia wanyamapori lazima ionyeshe mpango wa kugawa faida kwa haki kabla ya kutambuliwa. Ninyi hamna haja ya kungoja sheria iwalazimishe.

Pa kuanzia mwezi huu

Msisubiri mfadhili wala mnunuzi. Kwenye mkutano mkuu ujao, muombeni mwenyekiti aweke ajenda moja: msitu ukituletea fedha, nani apate nini, na kwa nini? Tumieni saa moja tu. Chagueni watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, wakazunguke vitongojini na maswali matatu ya hatua ya pili. Baada ya miezi mitatu walete rasimu ya ukurasa mmoja, isomwe, ibishaniwe, irekebishwe, ipigiwe kura, isainiwe, na igongwe muhuri wa kijiji.

Ukurasa huo hautamzuia kila mwizi. Lakini siku fedha zitakapoingia, mkulima wa pembezoni, mama wa kuni na kijana wa doria watakuwa na kitu cha kuonyesha mkononi na kusema: tulikubaliana hivi. Kijiji chenye watu wanaoweza kusema hivyo kitakuwa na msitu hata wajukuu wao watakapokuwa wanachagua wakaguzi wao.